Shahidi Aliyekaa Kizani

Katika ada za wanadamu imo moja ambayo wenye hekima wameilalamikia tangu zamani, nayo ni ya kupima thamani ya kitu kwa ukubwa wake na heshima ya kiumbe kwa kishindo chake, hata nyangumi apitapo watu huacha shughuli zao wakasimama kumtazama, ilhali gamba la rangi ya waridi lililolishika jiwe chini ya maji yale yale halipati hata mtu mmoja wa kuuliza ni kitu gani. Mimi niliajiriwa kulitazama gamba hilo. Sikulichagua kwa hiari yangu. Riziki ndiyo iliyonipeleka kwake, na nilipofika kwake nilidhani kwamba nimepewa kazi duni ya kusugua mawe. Kumbe kazi ile ilikuwa imefungamana na swali ambalo kadhi, mwanahistoria na mzee wa ukoo hukutana nalo kila siku: ushahidi upokewe vipi, na nani apaswa kujulikana kwanza, shahidi au maneno yake?

Nilizaliwa Unguja, mtoto wa mwashi, na udhamini wa masomo ulinichukua mpaka Norway, katika mji wa Trondheim, ambao umejengwa kando ya hori ndefu ya bahari iingiayo ndani ya nchi baina ya vilima. Masomo yalipokwisha nilipata kazi katika karakana ya kukatia mawe, mahali ambapo watafiti wa bara na wa bahari huleta mawe yao yakatwe, yasuguliwe na kutayarishwa kwa ajili ya hadubini. Yalikuja mawe ya milimani, yakaja matope yaliyokauka ya vilindi, na baadaye yakaja mabonge ya waridi na urujuani kutoka bahari za kaskazini, mazito kama mawe mengine yote, lakini yakiwa na harufu ya pwani ambayo mtu aliyezaliwa pwani haipotezi puani mwake. Nikaambiwa kwamba yale si mawe. Ni mwani.

Mwani tuujuao sana sisi wa Unguja ni ule laini unaopandwa katika maji mafu na kuanikwa juani huko Paje na Jambiani. Mwani wa chokaa ni jamaa yake, kwa kuwa wote wawili ni wa kabila la mwani mwekundu. Ila huu wa pili una tabia ya kujijengea ukuta wa kalsaiti kuizunguka kila seli yake, mpaka mwili wake mzima ukawa jiwe lililo hai. Wala sisi hatuko mbali naye kama tunavyodhani, maana hata miamba ya matumbawe ya bahari yetu hushikamanishwa na magamba ya namna hiyo. Tofauti ni kwamba katika bahari zetu za joto matumbawe ndiyo yachukuayo sifa yote ya ujenzi, ilhali katika maji ya Aktiki, ambayo yaweza kushuka hadi nyuzi 1.8 chini ya sifuri kabla ya kuganda, matumbawe ya kwetu hayawezi kuishi, na mwani wa chokaa hubaki miongoni mwa wajenzi wakuu wa sakafu ya bahari ifikiwayo na mwanga.

Wataalamu wenyewe walikawia kumtambua. Linnaeus, aliyevipanga viumbe vyote katika daftari lake, aliuweka mwani wa chokaa upande wa wanyama, pamoja na matumbawe, kwa sababu hakuona jinsi mmea unavyoweza kuwa jiwe. Na wengine waliomfuata walisita baina ya mnyama, mmea na madini. Ni mwaka 1837 ndipo Philippi alipoithibitisha hali yake ya mmea na kuipa jamii hiyo majina ya Lithothamnion na Lithophyllum, ambayo yangali yakitumika. Kisha akaja Kjellman, Msweden, ambaye katika majira ya baridi ya 1872 na 1873 alikwama pamoja na safari ya mpelelezi Nordenskiöld katika ghuba ya Mosselbukta, kaskazini ya Svalbard, karibu na digrii 80, mahali ambapo jua hutoweka kwa takribani miezi 4. Mtu mwingine angeutumia usiku ule kuhesabu siku za kurudi kwao. Kjellman aliutumia kuvuta mwani kutoka chini ya maji ya giza, akaona, kwa mshangao wa wasomi wa zama zake, kwamba mimea ile haikulala: mingine ilikuwa ikikua na kuzaa gizani. Mwaka 1883, katika kitabu chake juu ya mwani wa Aktiki, ndipo alipolieleza gamba liitwalo Lithothamnion glaciale.

Baada yake alikuja Mikael Foslie, mzaliwa wa visiwa vya Lofoten, ambaye aliianza kazi ya maisha akiwa karani wa telegrafu, akajifunza mwani kwa mapenzi yake mwenyewe mpaka akawa mtunzaji wa makumbusho, kwanza Tromsø na kisha Trondheim, ambako alikaa hadi kufa kwake mwaka 1909. Yeye ndiye aliyeliasisi jina la jamii ya Clathromorphum, ambayo nitairejea, na mkusanyo wake ungali umehifadhiwa katika mji ule ule. Nilikuwa nikifikiri mara nyingi juu ya karani huyo, ambaye kazi yake ya mwanzo ilikuwa kupokea habari za mbali kwa alama ndogo ndogo, na ya mwisho ikawa hiyo hiyo.

Sasa nieleze jinsi bonge moja linavyotayarishwa, kwani asiyeijua kazi ya mkono hawezi kuithamini kazi ya jicho. Bonge hukaushwa kwanza, kisha huzamishwa katika gundi ya epoksi ndani ya chombo kinachonyonywa hewa, ili gundi ipenye katika kila tundu na jiwe lisimeguke litakapokatwa. Gundi ikishakuwa ngumu, msumeno wa almasi hulipasua bonge polepole, maji yakidondoka juu ya ubapa wake, na mkato sharti uelekee wima kutoka uso wa juu hadi kwenye mwamba, kwa kuwa mkato uliopinda hufanya matabaka yaonekane manene kuliko yalivyo na kuidanganya hesabu. Kipande hubandikwa juu ya kioo, husuguliwa kwa unga wa kusagia uliochanganywa na maji, ulio wa chembe kubwa kwanza na ulio laini baadaye, mpaka unene wake ufike kiasi cha sehemu 3 katika 100 za milimita, hapo nuru ikapita ndani yake.

Bibi mmoja wa makamo ndiye aliyekuwa mkuu wa karakana ile. Hakuwa msemaji. Nilipompelekea kioo alikiinua kuelekea dirishani, akakigeuza mara moja kushoto na mara moja kulia, akanirudishia na kusema, "Bado." Nikaenda tena kusugua. Neno hilo nililisikia mara nyingi kuliko jina langu, nami nikalichukia kwa muda, hata nilipoanza kuyaona mwenyewe yale aliyokuwa akiyaona: mkwaruzo mmoja mwembamba ambao chini ya hadubini ungegeuka kuwa mtaro, nao mtaro ungepita juu ya miaka kadhaa ya maisha ya kiumbe na kuyafuta yaliyoandikwa humo.

Kioo kikishakubaliwa, mambo huwa mengine kabisa. Kile kilichokuwa rangi moja iliyofifia huonekana kuwa nyuzi nyingi mno zilizosimama bega kwa bega, na kila uzi ni safu ya seli zilizopandana moja juu ya moja, ambapo seli moja aghalabu haizidi sehemu 1 katika 100 za milimita kwa urefu. Kila seli ina uwazi wake wa ndani, palipokaa uhai, na ina kuta zake za kalsaiti. Seli za nyuzi jirani hutoboleana mahali mahali, kuta zikayeyuka baina yao na matumbo yao yakawa moja, hivyo kwamba chakula kipatikanacho upande wenye nuru chaweza kufika upande uliofunikwa. Hapana seli iishiyo peke yake katika mwili ule.

Chini kabisa, panapogusa mwamba, nyuzi hulala na kutambaa ubavu. Hilo ndilo tabaka la msingi. Juu yake nyuzi husimama wima, nalo ndilo tabaka kubwa, lenye kushika unene karibu wote wa mwili na kuhifadhi miaka yote iliyopita. Kisha kuna mstari mmoja wa seli zigawanyikazo, nao ndio asili ya ukuaji wote: huzaa seli upande wa chini, ambazo huongeza lile tabaka kubwa, na huzaa seli upande wa juu, ambazo hufanya ngozi ya nje. Nilipoonyeshwa mstari huo kwa mara ya kwanza nilistaajabu kwamba hauko juu kabisa, mahali ambapo ningetazamia kitu kinachokua kiwe na ncha yake. Umefunikwa. Katika Clathromorphum hasa, ngozi hiyo ya nje ni nene, ya matabaka mengi ya seli, na asili ya ukuaji imekaa chini yake kwa salama.

Sababu ya jambo hilo hutambaa juu ya gamba lenyewe. Konokono wa bahari za baridi, wenye gamba la umbo la kikofia, hula kwa kukwangua ngozi ya mwani huo kwa ulimi wenye meno. Robert Steneck, aliyewachunguza katika pwani ya mashariki ya Amerika ya Kaskazini na kuchapisha habari zao mwaka 1982, alionyesha kwamba ukwanguaji huo haumdhuru mwenyeji, kwa kuwa meno hayafiki kwenye seli zigawanyikazo. Tena, mbali na hayo, unamfaa, maana ngozi isipokwanguliwa hunenepa kupita kiasi, ikapandwa na viumbe wengine na kuoza. Basi mlaji na mliwaji wameingia katika mapatano ambayo hakuna aliyeyaandika: mmoja hutoa kilicho nje, na mwingine huridhika nacho. Nimewaona watu walioweka kila kitu chao cha thamani juu ya ngozi, na kila aliyewapitia akaondoka na sehemu ya uhai wao.

Katika mkato ule ule huonekana mistari ya giza na ya weupe, ikifuatana kutoka chini hadi juu. Majira ya nuru seli hukua ndefu na kuta zake huwa nyembamba. Majira ya baridi yakikaribia seli huwa fupi na kuta zake nene, na kupishana huko hufanya jozi moja ya mistari kwa kila mwaka. Ukuaji wa mwaka mzima aghalabu haufiki nusu milimita. Hapa na pale, katikati ya mistari, huonekana vyumba vidogo vya mviringo, ambavyo ni vyumba vya uzazi. Baada ya kazi yake kwisha hufunikwa na ukuaji wa miaka inayofuata, na vingine hujazwa chokaa ya baadaye. Mtu asiyejua akikipitisha chombo chake cha kupimia juu ya chumba hicho, atasoma chokaa ya mwaka mmoja akidhani ni ya mwaka mwingine.

Nami sasa nimefika kwenye jambo lililowafanya watafiti wavitamani vile vioo vyetu. Clathromorphum compactum, aishiye kutoka Labrador na Newfoundland mpaka Greenland na visiwa vya Aktiki, haonekani kuwa na kikomo cha umri kinacholingana na udogo wake. Mwaka 2013 Jochen Halfar na wenzake, akiwamo Walter Adey wa taasisi ya Smithsonian, walichapisha masimulizi ya barafu ya bahari ya miaka 646, mwaka kwa mwaka, yaliyosomwa ndani ya magamba ya mwani huo kutoka Aktiki ya Kanada. Setilaiti zimeitazama barafu hiyo bila kukatika tangu mwishoni mwa miaka ya 1970 tu. Mwani ulikuwa umeitazama kutoka chini tangu karne ya 14. Na masimulizi yake yalionyesha kwamba kupungua kwa barafu katika karne ya 20 hakuna mfano wake katika karne zilizotangulia za umri ule.

Je, mwani uliijuaje barafu? Haukuijua. Barafu ikitanda juu ya bahari, na theluji ikarundikana juu ya barafu, nuru hukatika, na mwani hubaki na akiba ya wanga iliyowekwa ndani ya seli zake. Akiba hiyo huuweka hai lakini haiutoshi kujenga. Basi mwaka ambao barafu ilikawia kuondoka, mstari wake ni mwembamba, na mwaka ambao iliondoka mapema, mstari wake ni mpana zaidi. Kwa maneno mengine, habari za barafu zimo katika kile ambacho mwani haukukijenga. Huo ulikuwa mzigo mgeni kwangu kuubeba akilini, kwani nilikuwa nimezoea kudhani kwamba shahidi hushuhudia kwa kusema. Na huyu miezi yake ya kimya ilikuwa na uzito sawa na miezi yake ya kazi.

Lakini upana wa mstari si habari pekee. Katika kalsaiti ya mwani huu mna magnesiamu kwa wingi, nayo huzidi joto la maji lizidipo na hupungua joto lipunguapo, hata ikawa vipimo vya magnesiamu vyaweza kutumiwa kama kipimajoto cha zama zilizopita. Hapo ndipo watu walipojaa matumaini, na hapo ndipo mashaka yalipoanza. Kwa hadubini ya elektroni, ambayo hutazama kipande kilichopakwa tabaka jembamba sana la madini, na ambayo mionzi yake huweza kutambua elementi zilizomo katika nukta moja, ilionekana kwamba nukta mbili zilizo karibu mno, za seli moja na za majira yale yale, hutoa vipimo viwili tofauti vya magnesiamu. Bahari haikuwa na joto la namna mbili katika saa ile. Basi ni nani aliyesema kweli?

Katika siku hizo nilimpigia simu mjomba wangu, aliyekuwa mwalimu wa chuo huko Unguja, mtu aliyeutumia umri wake katika ilimu ya hadithi na ambaye hakupata kuitazama hadubini hata mara moja.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mwanangu. Baridi ya huko haijakumaliza?"

Nikamweleza habari za shahidi wetu wa karne sita na ushei, na jinsi alivyoanza kutoa kauli mbili. Alinyamaza kidogo, kisha akaniuliza, "Huyo shahidi wenu mnamjua mwenyewe, au mnayajua maneno yake tu?"

Nikamwambia kwamba sikufahamu swali lake.

"Sisi hatuanzi na matini, mwanangu," akasema. "Twaanza na mpokezi. Alizaliwa wapi, alikutana na nani, hifadhi yake ilikuwaje ujanani na ilikuwaje uzeeni. Mtu aweza kuwa mkweli asiyetuhumiwa, na riwaya yake ikawa dhaifu kwa sababu aliyeipokea kwake aliipokea wakati akili ya msimulizi imekwisha changanyika. Hapo mtu hatukanwi, ila riwaya huwekwa mahali pake. Nanyi kamtazameni mtu wenu."

Ndivyo walivyofanya wenye kazi, pasipo kumjua mjomba wangu. Merinda Nash na Walter Adey, katika kazi waliyoichapisha mwaka 2018 juu ya Leptophytum laeve, gamba jembamba la maji ya Aktiki, na Kvaleya epilaeve, mwani mdogo wa kunyonya ambao huishi juu ya gamba hilo na kula kwake, hawakuanza na wastani wa bonge zima kama ilivyokuwa desturi. Walikwenda seli kwa seli, ukuta kwa ukuta. Walichokiona ni kwamba ukuta unaoizunguka seli kwa ndani umejengwa kwa fuwele zilizosimama, zikielekea katikati ya seli kutoka pande zote, ilhali baina ya uzi na uzi mna chokaa nyingine, ambayo chembe zake zimelala kuufuata uzi; na kwamba tabaka la msingi, tabaka la wima na ngozi ya nje, kila moja lina kiasi chake cha magnesiamu, ijapokuwa maji yaliyoyazunguka yalikuwa ya joto moja. Umbile la kiungo lilikuwa na amri juu ya magnesiamu kuliko joto la bahari.

Wako waliosikia habari hiyo wakasema kwamba basi shahidi ameanguka, na yote yaliyosomwa kwake ni ya kutupwa. Hiyo ni haraka ya mtu asiyejua kupima. Mwani haukusema uongo mahali popote. Kila ukuta ulieleza kwa uaminifu hali ya kujengwa kwake, na katika hali hiyo joto lilikuwa sehemu tu. Kilichobomoka ni dhana ya kuwa maneno yote ya kiumbe mmoja ni ya daraja moja. Anayetaka habari za joto sharti afuate tabaka lile lile, na ukuta wa namna ile ile, mwaka hata mwaka, akikwepa vyumba vya uzazi, msingi na ngozi. Hapo atalinganisha kinacholinganishwa. Nikafahamu kwa nini bibi wa karakana alikuwa akisema "Bado" juu ya mkwaruzo mmoja. Alikuwa akiilinda njia ya kumfikia shahidi.

Miaka kadha wa kadha baadaye nilirejea Unguja, na kama ilivyo ada kwa mtu aliyesafiri, ndugu zangu walidhani kwamba kusafiri kumenipa busara, wakaniita katika baraza la ukoo palipokuwa na mzozo wa mpaka wa shamba la minazi. Shangazi yetu mkubwa alikuwa ndiye shahidi. Alieleza kila kitu kwa utulivu, mwembe fulani, kisima fulani, mwaka wa mvua kubwa. Kisha alipofika kwenye miaka ambayo mpaka ulidaiwa kuhamishwa, hakusema neno. Upande mmoja ulisema kwamba ananyamaza kwa sababu anaficha, na upande wa pili ukasema kwamba ananyamaza kwa sababu hapana lililotokea. Mimi nikamwuliza, "Shangazi, miaka hiyo ulikuwa ukikaa wapi?" Akajibu kwamba alikuwa Pemba kwa mumewe wa kwanza, na kwamba hakusema kwa kuwa hakuna aliyemwuliza. Kimya chake kikawa na maana tofauti na zile mbili zilizokuwa zikigombaniwa, na baraza likaenda kumtafuta aliyekuwapo. Sikuwa na busara yoyote siku ile iliyozidi ya wengine. Nilikuwa nimefundishwa tu na gamba la mwani kwamba pengo katika maelezo lina sababu yake, na sababu hiyo hutafutwa katika maisha ya shahidi.

Kuna upande mwingine wa kadhia hii ambao haunipi raha. Kalsaiti yenye magnesiamu nyingi ndiyo iyeyukayo upesi miongoni mwa chokaa zijengwazo na viumbe vya bahari, na maji baridi hupokea hewa ya ukaa kwa wepesi kuliko maji ya joto, hivyo kwamba bahari za ncha za dunia zinaingia katika uchachu mapema. Mwani uliokaa huko umepewa makazi magumu na vifaa dhaifu kwa pamoja. Katika visiwa vya Aleutian, ambako Clathromorphum nereostratum amejenga miamba kwa karne nyingi, fisi maji wa baharini walipopungua sana katika miaka ya 1990, wale wanyama wa mviringo wenye miiba waliokuwa chakula chao waliongezeka pasi na kizuizi, wakala majani ya bahari, na yalipokwisha wakaanza kuitafuna miamba yenyewe. Utafiti wa Douglas Rasher na wenzake, uliochapishwa mwaka 2020, uliyasoma majeraha hayo ndani ya mistari ya miaka ya mwani wenyewe, na ukaonyesha kwamba maji yakizidi joto na uchachu, meno ya walaji hupenya ndani zaidi. Mapatano ya ngozi ambayo konokono huyaheshimu, hao hawayajui.

Wala hasara haitakuwa ya historia tu. Huko Svalbard, katika ghuba ile ile ya Mosselbukta alikokwama Kjellman, sakafu ya bahari ina mabonge ya mwani wa chokaa yasiyoshika mwamba, yanayobiringishwa na mikondo na wanyama. Chaza wa Aktiki huyatoboa, wakafa, na mashimo yao huwa nyumba za viumbe wengine wengi ambao wasingepata maficho katika uwanda ule mtupu. Likiyeyuka bonge, hupotea masimulizi na wapangaji pamoja.

Kwa hiyo nikiulizwa na vijana wanaosoma ilimu ya bahari hapa kwetu nini nilichokipata katika miaka yote ya kusugua vioo, huwaambia hivi: kabla hujauliza kiumbe anasema nini, jua amejengwaje, jua panapokua na panapofunikwa, panapojazwa baadaye na panapoachwa wazi, na siku gani alikuwa kazini na siku gani alikuwa gizani. Kazi hiyo ni ndefu, haina sifa, na aghalabu hufanywa na watu ambao majina yao hayaandikwi juu ya matokeo. Lakini pasipo hiyo, hesabu zote zifuatazo, hata zikipambwa namna gani, ni maneno ya mtu asiyejulikana yaliyopokewa na mtu mwenye haraka. Na kwa kuwa mashahidi wengine wa bahari wameanza kuyeyuka katika zama zetu, wajibu wa kuwajua umekuwa na muda wake. Aliyepewa nafasi ya kuwatazama leo asiingoje kesho.